Kuhamia Australia na familia: mwombaji mkuu awe mke

Rafiki yangu wa Dodoma kaniuliza. Yeye ni fundi umeme, ana miaka 42 na cheti cha VETA. Mkewe ana miaka 34, muuguzi mwenye digrii, yuko mwaka wa sita kazini. Wana watoto wawili wa shule ya msingi, wanaishi na mama mzazi wa mume, na wanamlea binti wa marehemu dada wa huyo mume. Anataka wahamie huku Australia wote. Kuna mtu Dar kamwambia atangulie yeye kwa viza ya mwanafunzi, akishafika "atawavuta" wengine. Anauliza pia kama auze kiwanja. Maswali ya namna hii nayapata sana, kwa hiyo namjibu yeye na wenzake wote kwa mkupuo.

Kaka, nianze na lisilopendeza. Kwenye makaratasi ya Australia wewe si kiongozi wa msafara. Kiongozi ni shemeji, yaani mkeo.

Viza za ujuzi ambazo familia kama yenu ingezitazama ni 189 (ya kujitegemea), 190 (ya kuteuliwa na jimbo) na 491 (ya mikoani). Zote zinakwenda kwa pointi, na chini ya 65 huna nafasi hata ya kusubiri kwenye foleni. Mwenye miaka 25 hadi 32 anapewa pointi 30 za umri. Kuanzia 33 hadi 39 ni 25. Kuanzia 40 hadi 44 zinashuka hadi 15, na ukitimiza 45 kabla ya kupata mwaliko wa kuomba viza, basi tena. Wewe una 15 za umri, 10 za cheti kama kitatambuliwa, na 15 za uzoefu wa miaka minane na zaidi. Hizo ni 40. Kwenye IELTS, mtihani wa Kiingereza, alama 6 kila kipengele ni sharti la kuingilia tu, haina pointi. Ya 7 ina 10. Ukijitahidi sana utafika 50, na kwa 15 za viza ya mikoani utagusa 65, yaani unaning'inia ukingoni huku umri unakusukuma.

Sasa shemeji. Umri 25, digrii 15, uzoefu wa miaka mitano hadi saba 10, na akipata 7 kila kipengele cha IELTS, 10 nyingine. Jumla 60. Wewe mume ukifanya mtihani huohuo ukapata 6 kila kipengele, unamwongezea 5. Umeona kazi yako ilipo? Kaa chini usome Kiingereza. Na msidhani kusomea chuo kwa Kiingereza kunatosha, mwenye pasipoti ya Tanzania lazima afanye mtihani.

Kuna 5 nyingine ambazo watu wetu wengi hawazijui. Taasisi ya wakalimani ya Australia, NAATI, ina mtihani uitwao CCL, na Kiswahili kimo kwenye orodha ya lugha zake. Unasikiliza mazungumzo mawili, mmoja anasema Kiingereza na mwingine Kiswahili, nawe unakalimani kipande kwa kipande. Ufaulu ni 63 kati ya 90. Sisi tuliovishwa kibao shingoni sekondari kwa kuongea Kiswahili, leo Kiswahili hichohicho kinatupa pointi. Ila msiuchukulie poa. Mazungumzo ni ya bima, mahakama, hospitali, pango la nyumba. Mtu anayechanganya lugha kila sentensi anaumbuka.

Shemeji sasa ana 70. Jimbo likimteua kwa viza 190 anaongezewa 5, na kwa 491 anaongezewa 15, anafika 85. Wauguzi na walimu wamekuwa wakipewa kipaumbele katika mialiko. Fundi umeme naye anahitajika huku, sikatai, lakini nyaya za nyumba ya mtu hauzigusi mpaka upate leseni ya jimbo, na leseni hiyo ina mafunzo na mitihani yake. Hilo utalifanya ukiwa huku, mkeo akiwa tayari analeta mshahara.

Najua linavyokaa moyoni. Mimi mwenyewe nilikuja kwa mgongo wa mke wangu. Kwenye barua ya viza jina lake liko juu, langu liko chini pamoja na watoto. Wajomba walinicheka kwenye kikao cha kuniaga. Viza yangu ya makazi ni ileile yake, hakuna askari aliyewahi kuniuliza nani alitangulia kwenye fomu.

Tuje kwenye ugumu wenyewe, maana pointi ni hesabu tu. Kabla ya viza, shemeji lazima asajiliwe na AHPRA, chombo kinachosimamia wataalamu wa afya. Kwa muuguzi aliyesomea Tanzania ni hatua kwa hatua: kukaguliwa vyeti, mtihani wa NCLEX kwenye kompyuta, halafu mtihani wa vitendo uitwao OSCE. Huo wa vitendo unafanyika Adelaide, hapa ninapoishi. Maana yake atakuja mara ya kwanza kwa viza ya matembezi, peke yake, kwa nauli yake, afanye mtihani ambao ada yake tu ni karibu dola 4,000 za Australia, arudi Dodoma kusubiri. Nimepokea wauguzi kadhaa wa kwetu wa namna hiyo. Analala sebuleni kwangu, usiku anamfunga bandeji mwanangu aliyejilaza kwenye kochi huku anajisemea kwa Kiingereza kila anachofanya: nimenawa mikono, nimemuuliza jina lake na tarehe ya kuzaliwa, nimeangalia kama ana mzio. Nyumbani tunaijua kazi kwa mikono. Huku usipoitamka na kuionyesha, msahihishaji anahesabu hukuifanya. Hapo ndipo wengi wanapoangukia, wala si kwamba hawajui uuguzi. Na kwa anayesoma hii akiwa na diploma pekee: usajili kamili wa muuguzi unataka digrii, kwa hiyo malizia digrii kwanza.

Akishasajiliwa, ANMAC, chombo cha kukagua ujuzi wa wauguzi, inathibitisha ujuzi wake kwa ajili ya uhamiaji, mnajaza maombi ya awali kwenye SkillSelect, mfumo wa serikali wa mtandaoni, bila kulipa, mnasubiri. Mwaliko ukija mna siku 60 za kuwasilisha ombi kamili. Hapo ada ya mwombaji mkuu inakaribia dola 5,000, mwenzi kama nusu yake, na kila mtoto kama robo. Mwenzi asiye na Kiingereza cha kutosha anatozwa tena karibu dola 5,000 juu ya hizo. Kwa hiyo narudia, kaka, kitabu.

189 na 190 ni makazi ya kudumu tangu siku ya kwanza. 491 ni ya miaka mitano kwa sharti la kuishi mikoani, na baada ya miaka mitatu, mkiwa na karatasi za kodi za miaka hiyo, mnaomba 191 ya kudumu. Watu wakisikia "mikoani" wanawaza jangwa na kangaruu. Kwa sheria za 491, mikoani ni karibu kila mahali nje ya Sydney, Melbourne na Brisbane. Perth imo. Adelaide imo, mji wenye watu zaidi ya milioni moja. Na mnapata Medicare, yaani matibabu ya serikali, tofauti na viza nyingi za muda. Kwa mtu mwenye familia mimi ningeichukua 491 bila kusubiri 189 inayogombaniwa na dunia nzima.

Sasa huyo mtu wa Dar na shule yake. Tangu Mei 2024 mwanafunzi anatakiwa aonyeshe dola 29,710 za kujikimu kwa mwaka. Mwenzi anaongeza 10,394, kila mtoto 4,449, na mtoto wa umri wa shule 13,502 nyingine za masomo. Kwa familia yenu ya watu wanne inakuja dola 76,006, hapo hujagusa karo ya chuo wala tiketi. Ni zaidi ya shilingi milioni 100. Ada ya ombi lenyewe imepanda hadi dola 2,000, na ukinyimwa hairudi. Mwanafunzi anaruhusiwa kufanya kazi saa 48 tu kwa wiki mbili wakati masomo yanaendelea. Halafu akimaliza, viza ya wahitimu ya 485 tangu Julai 2024 kwa wengi inakomea miaka 35. Wewe una 42. Hilo huyo bwana kakwambia?

Huyo ni kishoka. Muulize namba yake ya usajili wa mawakala wa uhamiaji wa Australia. Orodha iko wazi mtandaoni, unaangalia mwenyewe bure. Akikwambia ana "mtu wake ubalozini", funga simu. Akikwambia taarifa ya benki inatengenezeka, kimbia, kwa sababu karatasi ya kughushi ikigundulika mnaweza kufungiwa miaka mitatu, wote mliomo kwenye ombi. Na wale wanaoshauri uje kwa matembezi kisha ujilipue, yaani ujidai mkimbizi: walioukimbia moto wa kweli Kongo, Burundi na Sudan wako hapa, ni majirani zangu, tunaongea nao Kiswahili sokoni. Maofisa wanaozisikiliza kesi hizo wanaijua tofauti.

Mama. Hili ni zito na sitalipamba. Mzazi haingii kwenye ombi la viza ya ujuzi, hata kama mnamlisha na kumvisha. Baadaye, mkishakuwa wakazi wa kudumu, kuna viza ya mzazi ya kuchangia ambayo gharama yake inakaribia dola 50,000 kwa mtu mmoja na bado unasubiri miaka. Ile ya bei nafuu foleni yake inahesabiwa kwa miongo. Bibi wa miaka 68 hana muda huo. Kinachowezekana ni kuja kuwatembelea, au viza ya muda ya mzazi, 870, ya miaka mitatu au mitano kwa maelfu ya dola. Kwa hiyo kabla hamjajaza fomu yoyote, kaeni na ndugu zako mkubaliane mama atabaki na nani, na nani atatuma nini.

Binti wa dada yako naye hahesabiki kuwa mtoto wenu kwa sababu tu anawaita baba na mama. Inatakiwa hati ya mahakama ya kumwasili, na mchakato wa kweli, usio wa kuungaunga wiki mbili kabla ya ombi. Ipo viza ya ndugu yatima, 117, mnayoweza kumwombea mkishatulia huku kama hana mzazi wa kumtunza, lakini nayo foleni yake ni ndefu sana. Nendeni kwa mwanasheria mwezi huu huu. Kati ya yote niliyoandika, hili ndilo lisilosubiri.

Vyeti vya kuzaliwa vya RITA vikagueni herufi kwa herufi. Mtoto akiwa Rehema kwenye cheti na Rehma kwenye pasipoti, mtaandika viapo mpaka mchoke. Cheti cha Kiswahili kinatafsiriwa na mtafsiri anayetambulika. Afya mnapimwa wote, na kwa kawaida mmoja akishindwa familia nzima inashindwa.

Maisha yenyewe? Shemeji akianza kazi usiku, wewe ndiye utakayewaamsha watoto, kuwafungia chakula na kuwafikisha shule. Karanga usiwawekee, shule nyingi hazizitaki kwa sababu ya watoto wenye mzio. Mwanangu alirudishwa na kashata zake hazijaguswa. Dada wa kazi hakuna. Miezi ya mwanzo utabeba maboksi ghala au utatunza wazee, na si aibu: kima cha chini kilichowekwa Julai 2025 ni dola 24.95 kwa saa. Lakini nyumba ya vyumba vitatu Adelaide ni dola 500 hadi 600 kwa wiki. Kwa wiki, kaka, si kwa mwezi. Na wenye nyumba wanataka barua za ulikopanga zamani, ambazo huna, kwa hiyo wiki za kwanza mtakaa kwa watu. Kuendesha ni kushoto kama nyumbani, ila leseni ya Tanzania haikufikishi mbali, mtihani utafanya. Shule zinafungua mwishoni mwa Januari, fikeni Desemba, watoto waanze na wenzao. Na Julai baridi inaingia mpaka ndani ya nyumba, msiwaamini wanaosema Australia ni joto tu.

Kiwanja usiuze. Andaeni kwanza hela ya mitihani ya shemeji, hiyo inatoka kwenye mishahara polepole. Zikibaki ada za viza, pangisheni nyumba, kopeni SACCOS, lakini hati ibaki. Tena kuna hili: baada ya miaka minne ya kuishi huku kihalali, ule wa mwisho ukiwa wa makazi ya kudumu, mnaweza kuomba uraia. Mkenya tangu katiba ya 2010 anachukua na anabaki na wa kwao. Mtanzania mtu mzima akiuchukua anaupoteza wa Tanzania, na habari ya ardhi inabadilika kwa asiye raia. Habari za hadhi maalumu kwa diaspora zifuatilieni kwa mwanasheria wa huko, msinisikilize mimi. Wengi wetu tunakaa na makazi ya kudumu tu, pasipoti ya Tanzania imo kabatini, na tunapanga foleni ya viza tukitaka kwenda likizo.

Shemeji aanze na IELTS na AHPRA. Akifika hatua ya OSCE, mwambie kochi langu lipo, na mwanangu keshazoea kufungwa bandeji.