Ripoti ya shule imenitisha, nimhamishe binti yangu?

SWALI: Dada wa safu hii, habari za kazi. Sisi tuko Columbus, Ohio, hapa Marekani, na binti yangu anaingia darasa la 6 kwenye shule ya serikali ya hapa mtaani. Jirani kanitumia ripoti ya hiyo shule, kufungua tu nakuta kwenye hesabu hata nusu ya watoto hawajafika kiwango, alafu chini yake wamechambua wanafunzi, weusi wangapi, Walatino wangapi, wanaojifunza Kiingereza wangapi, na karibu wote wameandikwa ni wa hali duni kiuchumi. Jirani anasema hama haraka. Mume wangu anasema mtoto mwenye akili anasoma popote. Kodi ya huko tunakoambiwa twende siiwezi bila kuongeza shifti. Kwani shule ni mbaya hivyo kweli? Na mambo ya rangi yanatafuta nini kwenye ripoti ya masomo?
– Mama wa Binti, Columbus

JIBU: Mama mwenzangu, mabegi yaache kwanza.

Nianze na hilo la rangi maana naona ndo limekukera. Zamani shule ilikuwa inatoa wastani mmoja tu, unapendeza kabisa, kumbe humo ndani kuna watoto weusi au wenye ulemavu wameachwa nyuma miaka na hakuna anayeuliza. Sheria ya No Child Left Behind, iliyosainiwa Januari 2002, ikalazimisha matokeo yatolewe kundi kwa kundi, na ile iliyoirithi ya 2015, Every Student Succeeds Act, ikabaki hivo hivo: mtihani wa kusoma na hesabu kila mwaka kuanzia darasa la 3 hadi la 8, na majibu yagawanywe kwa rangi, uchumi, ulemavu na lugha. Kwa hiyo ule mchanganuo upo ili mzazi kama wewe uibane shule. Bahati mbaya watu wanautumia kuchagua majirani.

Sasa hiyo asilimia ya waliofika kiwango. Mtoto anaingia darasa la 6 ana miaka 11 hivi, ameshapita shule ya msingi, ameshaishi kwenye nyumba yenye vitabu au isiyo navyo, amehamahama au hajahama, so asilimia ile inakusimulia sana kuhusu watoto walioingia getini na kidogo tu kuhusu walimu wanachofanya humo ndani. Sio jambo jipya hili, ripoti ya Coleman ya 1966, utafiti mkubwa wa shule za Marekani, ilishaonyesha kwamba hali ya nyumbani ina uzito mkubwa sana kwenye matokeo. Ndo maana Ohio wanatoa nyota kwa vipengele tofauti. Achievement ni waliofika wapi, Progress ni wamesogea kiasi gani ukilinganisha na walipokuwa, na nyota 3 za Progress maana yake watoto wamekua kama ilivyotarajiwa. Mimi binafsi shule ya nyota 2 za Achievement na 4 za Progress naichukua asubuhi na mapema kuliko yenye 5 na 2, hiyo ya pili inapokea watoto waliokwisha iva alafu inajisifu. Jirani yako alikutumia ukurasa gani? Rudi utafute Progress, na uangalie miaka 3 sio mmoja.

Hilo la "karibu wote hali duni" nalo lisikutishe sana. Kuna mpango wa serikali kuu wa shule nzima kula bure bila kujaza fomu, na tangu 2023 shule inaweza kuingia hata kama waliothibitishwa moja kwa moja kuwa na uhitaji (mfano familia zinazopata msaada wa chakula) ni asilimia 25 tu. Shule nyingi zikishaingia zinahesabu kila mtoto humo, hadi mtoto wa nesi na mtoto wa injinia.

Kundi la wanaojifunza Kiingereza ndo linaonewa kuliko yote. Mtoto akishaelewa lugha anatolewa kwenye kundi, wanaingia wageni wapya, sasa litapanda lini? Sheria inaruhusu majimbo kuendelea kuwahesabu waliotoka kwa muda usiozidi miaka 4, lakini bado. Na boksi la weusi ni hivohivo, familia iliyoshuka kwenye ndege mwezi jana na familia iliyoko Ohio vizazi na vizazi wote wako humo, wastani wake haukuambii chochote kuhusu binti yako.

Kitu ambacho mimi kingeninyima usingizi ni mahudhurio. Mtoto akikosa asilimia 10 ya siku za shule anahesabiwa mtoro sugu, na wakiwa wengi mwalimu anarudia somo lile lile kila wiki, hata binti yako asiyekosa anachelewa nao. Iangalie hiyo namba. Alafu uliza kama wana aljebra darasa la 8, na nani wanaingia humo, maana anayeianza mapema ana nafasi ya kufika kalkulasi (hesabu za juu) kabla ya kumaliza sekondari bila kukimbizana. Ukikuta shule imejaa watoto weusi na darasa la aljebra halina hata wawili, hapo ndo ugombane nao.

Mume wako ana nusu ya ukweli (mwambie nimesema nusu). Ila kuongeza shifti ili ukalipe kodi ya saburbu (mitaa ya pembezoni mwa jiji), binti arudi nyumbani hakuna mtu, hiyo hesabu mimi inanikataa. Omba kukutana na mshauri wa wanafunzi kabla muhula haujaanza, na kama Kiingereza cha vikao kinakupa shida omba mkalimani wa Kiswahili, ni wajibu wao kumleta bila kukulipisha, inatokana na sheria ya haki za kiraia ya 1964. Wakikuambia binti akutafsirie, kataa.