Jua Uingereza lipo, ila limelala chini

Kila Desemba swali la jamaa wa Kisauni na Likoni, huko Mombasa, kwetu tunaoishi Uingereza ni lile lile: picha za London zaonyesha jua na anga ya buluu, sasa baridi mnayoilalamikia yatoka wapi? Au huko ni mbali zaidi na jua?

Si umbali, jamani. Dunia hulikaribia jua zaidi mapema Januari, kama kilomita milioni 147, na huwa mbali zaidi mapema Julai, kama milioni 152. Yaani London hutetemeka wakati ule ule dunia nzima iko karibu na jua kuliko miezi mingine.

Sababu ni mwinamo. Dunia hujizungusha kila siku, ndiyo tunapata mchana na usiku, lakini mhimili wake, yaani mstari inaouzungukia, haukusimama wima. Umeinama nyuzi 23.4, na unaelekea upande mmoja mwaka mzima huku dunia ikilizunguka jua. Juni nusu ya kaskazini imelielekea jua, Desemba imelipa kisogo. Mombasa, nyuzi 4 tu kusini ya ikweta, haijui taabu hiyo: mchana wenu ni wa kama saa 12, mwaka nenda mwaka rudi. (Kaskazi na kusi, hata hivyo, nazo zaletwa na mwinamo huo huo.) London iko nyuzi 51.5 kaskazini. Mchana wake wa Juni 21 ni mrefu wa saa 16 na nusu na zaidi, wa Desemba 21 haufiki saa 8.

Wanaobisha wazime taa za chumba, washike tochi kama sentimita 30 juu ya meza na wamulike wima. Doa ni dogo na linang'aa. Kisha iinamishwe: doa larefuka na kufifia, na betri ni ile ile. Wengi huivuta tochi mbali wanapoiinamisha, wakadhani umbali ndio umepunguza mwanga. Sharti ibaki pale pale. Desemba 21, adhuhuri, jua la Mombasa liko nyuzi 70 juu ya upeo wa macho, na mwale wa upana wa mita 1 huangukia ardhi ya mita 1 na sentimita 6. London jua liko nyuzi 15 tu, na mwale huo hutandazwa karibu mita 4. Joto litatosha nini hapo?

Kwa hiyo anayekuja Januari ajue jua huchomoza saa 2 asubuhi na kuzama kama saa 10 jioni. Mwenye kazi ya ndani huenda gizani na kurudi gizani, na hilo hulemea moyo kuliko baridi yenyewe. Akikodi chumba, atafute dirisha linaloelekea kusini, maana jua la baridi halipiti kwingine. Wakuu wa afya wa huku hushauri vitamini D mikrogramu 10 kila siku, Oktoba hadi mapema Machi. Sisi wenye ngozi nyeusi twashauriwa kufikiria kuinywa mwaka mzima.

Saumu nayo hubadilika. Ramadhani za 2015 na 2016 ziliangukia Juni na Julai, mtu akafunga saa 18 na zaidi; ya mapema Januari 2030 itakuwa kama saa 10. Tena Juni jua la London halizami zaidi ya nyuzi 15 chini ya upeo, kwa hiyo giza kamili halipatikani, na ratiba za alfajiri na isha hutofautiana msikiti kwa msikiti. Fuata ya msikiti wako.

Na simu: saa za Uingereza husogezwa mbele Jumapili ya mwisho ya Machi, zikarudishwa Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Wakati wa joto mnatangulia kwa saa 2, wakati wa baridi saa 3. Mama akipiga Januari saa 1 asubuhi, huku ni saa 10 usiku. Apige saa 3 usiku, ndipo watu wanatoka kazini.