Bunduki ya hewa kwa mwenye mkono wa kushoto

Mwanangu,

Umeniuliza ununue bunduki gani ya hewa ya kulengea shabaha, wewe unayetumia mkono wa kushoto na pesa si nyingi.

Pima jicho kwanza. Nyoosha mikono, kutanisha viganja ukiacha tundu dogo, tazama swichi ya taa ukutani kupitia tundu hilo kwa macho yote mawili, kisha fumba moja moja. Jicho ambalo likibaki peke yake swichi haihami, ndilo la kulengea. Likiwa la kulia, jaribu kulenga upande wa kulia hata kama unaandika kwa kushoto. Bado huna mazoea ya kuvunja, na bunduki za upande huo ni rahisi kupata.

Likiwa la kushoto, angalia kitako kabla ya jina la kiwanda. Bunduki za shindano la mita 10 ni za milimita 4.5, na nyingi zimechongewa mkono wa kulia: kiegemeo cha shavu kimetokeza kushoto, kishikio kimevimba kujaza kiganja cha kulia. Ukiiweka kwenye bega la kushoto, shavu halipati pa kutulia, kichwa kinainama kutafuta tundu la kulengea, shingo inachoka na risasi zinatawanyika. Mwanafunzi hudhani mkono wake ndio mbaya. Kwa hiyo bunduki nzuri ya mkono wa kulia inayouzwa kwa bei ya kutupa, iache.

Wenzo wa kujazia ukiwa kulia usikutishe. Unalaza bunduki mezani, mkono wa kushoto unabaki kwenye kishikio, wa kulia unafanya kazi.

Urefu nao upime: kunja kiwiko, egemeza kitako kwenye mkunjo wake, na pingili ya mwisho ya kidole cha shahada ifikie kifyatulio bila kujinyoosha.

Bunduki za Hämmerli AR20 na Crosman Challenger zina vitako vinavyofaa pande zote mbili, nami ningeanzia hapo. Lakini zinatumia hewa iliyoshindiliwa, hivyo hesabu pia bei ya pampu ya mkono. Ukipata iliyotumika, soma tarehe iliyogongwa kwenye silinda, yaani mtungi wake wa hewa. Muda wake kwa kawaida hauzidi miaka 10, na silinda iliyopitwa haijazwi. Feinwerkbau 300S kuukuu ni ya springi, haihitaji pampu, na zipo zilizotengenezwa na kitako cha kushoto. Uliza sili zake, vizibo vya kuzuia hewa isivuje, zilibadilishwa lini, maana za zamani humeng'enyuka zenyewe hata bunduki ikikaa kabatini. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, kwa hiyo ya springi itapiga polepole kidogo kuliko Mombasa. Kwa mita 10 hilo halikuharibii shabaha.

Risasi ziwe za kichwa bapa, kama nusu gramu. Nunua mikebe ya aina mbili au tatu, egemeza bunduki, piga tano tano, uchague aina inayokusanyika. Ni madini ya risasi, nawa mikono kabla ya kula.

Usilipe wala kuagiza kutoka nje kabla ya kupata idhini ya maandishi ya Bodi ya Leseni za Silaha. Ukishapata idhini hiyo, nitumie picha ya kitako cha bunduki unayoitaka pande zote mbili na ya tarehe ya silinda, tuangalie pamoja kabla hujatoa pesa.

Baba