Skrini nyeusi unapoingia kompyuta ya Linux kutoka mbali

SWALI: Shikamoo fundi. Niko kwenye ofisi ya uwakala wa forodha upande wa Kilindini, na nyumbani ni Likoni. Nimeweka xrdp (programu ya kuingia kompyuta ya Linux kutoka mbali) kwenye kompyuta ya ofisi, Ubuntu 22.04, ili jioni nivuke feri mapema na makaratasi yaliyobaki niyamalizie nyumbani kwa laptopu ya Windows. Nimejaribu kwanza palepale ofisini: naweka paswadi, skrini inakuwa nyeusi, kisha dirisha linajifunga. Halafu nimeambiwa nifungue poti 3389, mlango ambao xrdp hupokelea wageni, kwenye ruta ili niweze kuingia nikiwa nyumbani. Ni sawa?

JIBU: Marahaba. Paswadi yako ni nzima. Ingekuwa na kosa, xrdp ingekukatalia pale pale kwenye dirisha la kuingilia. Mara nyingi skrini nyeusi ya namna hii husababishwa na akaunti hiyo hiyo kuwa bado wazi kwenye kompyuta ya ofisi. Kufunga skrini ukainuka si kutoka. GNOME, yaani dawati la kawaida la Ubuntu, haielewani na mtumiaji mmoja mwenye vikao viwili kwa pamoja, basi kile cha pili kinakufa kikizaliwa. Kabla ya kuondoka, nenda kwenye menyu uchague Log Out, kisha jaribu tena.

Mimi ningeongeza Xfce, dawati jingine la Linux, maana ni nyepesi na haili bando sana. Andika hivi kwenye terminal:

sudo apt install xrdp xfce4
echo xfce4-session > ~/.xsession
sudo adduser xrdp ssl-cert
sudo systemctl restart xrdp

Ule mstari wa pili uandike ukiwa ndani ya akaunti yako mwenyewe, bila sudo. Ikiwa bado inagoma, soma /var/log/xrdp-sesman.log, mistari ya mwisho huonyesha kikao kilivunjikia wapi.

Ama kuhusu ruta, tafadhali usifungue poti hiyo. 3389 inajulikana dunia nzima, na ziko programu zinazozunguka intaneti mchana na usiku zikibisha hodi na kubahatisha paswadi. Kompyuta yenye hati za mizigo ya wateja si ya kuachwa barazani. Isitoshe, laini nyingi za intaneti hazina anwani ya IP ya peke yake, kwa hiyo unaweza kufungua poti na bado usifike.

Weka Tailscale, programu inayounganisha mashine zako kwa mtandao wa faragha (VPN), kwenye mashine zote mbili, kwa ruhusa ya mwenye ofisi. Imejengwa juu ya WireGuard, teknolojia ya VPN, na haihitaji kugusa ruta. Kompyuta ya ofisi itapata anwani inayoanza na 100. Hiyo ndiyo utakayoiandika kwenye Remote Desktop Connection ya Windows. Kisha funga njia nyingine kwa ufw, ukuta wa ulinzi (firewall) wa Ubuntu:

sudo ufw allow in on tailscale0 to any port 3389 proto tcp
sudo ufw enable

Kama kuna mtu anayeingia kwenye mashine hiyo kwa SSH (njia ya kuingia kwa amri za maandishi), mruhusu kwanza kabla ya ule mstari wa pili, la sivyo utamfungia nje.

Stima ikipotea Likoni ukiwa katikati ya kazi, usihangaike: kikao kinaendelea kule ofisini, na ukirudi utakuta faili lako wazi kama ulivyoliacha. Lakini ukimaliza, toka kwa menyu ya Xfce, usibofye X tu, ama asubuhi utakwama ukikaa mezani. Na kompyuta isilale usiku:

sudo systemctl mask sleep.target suspend.target hibernate.target hybrid-sleep.target