Nikisoma sosholojia nitaitwa nani?

SWALI: Shikamoo Shangazi. Nimemaliza sekondari na nimepata nafasi ya kusoma sosholojia, yaani elimu ya jamii, chuo kikuu. Mimi naipenda, lakini baba ananiuliza: aliyesomea uhasibu huitwa mhasibu, wewe utaitwa nani? Nimekosa jibu. Nikasome au nibadilishe?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Baba yako ameuliza jambo la haki, usimchukie. Matangazo ya kazi yanayomtaka “mwanasosholojia” ni machache, na mengi ni ya vyuo na taasisi za utafiti, ambako shahada ya kwanza pekee haikufikishi mbali. Wahitimu wengi hupewa majina mengine: mtafiti wa masoko, ofisa maendeleo ya jamii, ofisa rasilimali watu, ofisa ufuatiliaji na tathmini.

Mimi nimefanya kazi za utafiti miaka mingi, na vijana wanaoomba kazi kwetu huwapa swali hili walikosoe: “Je, unampeleka mtoto kliniki mara kwa mara?” Aliyefundishwa vizuri hushtuka papo hapo. Mzazi gani atasema hapana mbele ya mgeni? Na hiyo “mara kwa mara” kila mtu ana kipimo chake. Yeye atauliza: mara ya mwisho ulimpeleka lini? Huo ndio ujuzi unaolipiwa, maana hojaji mbovu, yaani karatasi ya maswali ya utafiti, ikishajazwa na watu elfu moja, hakuna hesabu itakayoiponya.

Msome W. E. B. Du Bois, mwanasosholojia Mmarekani Mweusi. Mwaka 1896 alianza kupita nyumba kwa nyumba katika mtaa mmoja wa Philadelphia, Marekani, akiwauliza Wamarekani Weusi kuhusu kazi zao, kodi za nyumba wanazolipa, elimu na familia. Wakubwa wa mji walikwisha kuamua kwamba tatizo ni watu wenyewe. Matokeo yake, yaliyochapishwa 1899, yalionyesha jinsi ubaguzi ulivyowafungia milango ya ajira. Fani hii inapofanywa hivyo, naiheshimu kuliko nyingi zinazosifiwa.

Kwa hiyo nenda, ila takwimu usizikimbie. Wanafunzi wengi huingia sosholojia wakidhani wameziepuka hesabu, kisha wanahitimu wakiwa na nadharia tupu. Jifunze programu ya kompyuta ya kuchambua takwimu, SPSS, Stata au R, mojawapo vizuri. Tasnifu yako iwe ya kwenda kwa watu na kurudi na data, usiishie maktaba.

Kabla hujathibitisha nafasi, kiulize chuo: kuna kozi ngapi za mbinu za utafiti? Kuna mafunzo kwa vitendo? Waliohitimu wako wapi sasa? Wakibabaika, tafuta chuo kingine, somo libaki lile lile.

Na kama moyo wako hasa uko kwenye ustawi wa jamii, kuhudumia familia na watoto walio hatarini, ulizia kwanza masharti ya usajili. Nchi nyingi hutaka shahada ya fani hiyo yenyewe, na ya sosholojia huenda isikubaliwe.