Anzeni na Aberdare, kisha Nyeri

Ndugu, umeuliza kundi lenu la watu 12 kutoka Nairobi lianzie wapi kuona misitu na utamaduni wa nyanda za juu. Mimi ningeanza na Hifadhi ya Aberdare. Maporomoko ya Karuru yanashuka mita 273 kwa ngazi tatu, na ule ukungu wa asubuhi sitausahau. Bebeni masweta mazito. Baridi ya huko si ya Nairobi. Epukeni Aprili, mvua huharibu barabara.

Nyeri nayo msiipite tu. Misitu hii ya Aberdare ndiyo iliyowaficha wapiganaji wa Mau Mau waliopinga ukoloni wa Waingereza, na kiongozi wao Dedan Kimathi alikamatwa upande huo Oktoba 1956. Mtafuteni mzee wa pale awasimulie habari za mugumo, mti mtakatifu wa Wakikuyu, kabla hamjapiga picha yoyote.