Nyie wa fildi, mtoto mwenyewe mmemuuliza?

Wadogo zangu wa ustawi wa jamii mliokuja kwetu Mwanza kwa mafunzo ya vitendo, nawapenda na mnajua, ila jana nimepitia mafaili yenu ya watoto wenye ulemavu wa Igoma na Kisesa nikaishiwa nguvu. Mafaili tisa, na saba kati yake kwenye sehemu ya maoni ya mtoto mmeandika "mama ameridhia". Na juzi tumefika kwenye kaya, mtoto kakaa kwenye mkeka anatutazama, mwenzenu anamgeukia mama, "huyu anaitwa nani, anapenda nini?" Jamani, si yupo hapo hapo!

1. Salamu ianze kwa mtoto, na ukae chini kwenye mkeka kama yeye.

2. Ulizia lugha ya nyumbani. Wengine huku wanakua na Kisukuma tu mpaka waanze shule, we unamshushia Kiswahili cha chuo, akinyamaza unaandika "uelewa mdogo". Kiziwi naye ana ishara zake za nyumbani, ndugu zake wanazijua.

3. Usiandike "hawezi kuwasiliana". Hapa mnivumilie maana hili linaniuma mpaka leo.

Mwaka wangu wa pili kazini nilipewa kesi ya binti wa miaka 11, mtindio wa ubongo, wanakaa Mabatini kule juu kwenye mawe, mama anauza dagaa soko la Mwaloni. Tukakaa kikao mama, mjomba, mwenyekiti wa mtaa, mwalimu na mimi, tukakubaliana aende shule ya bweni yenye kitengo cha watoto wenye ulemavu, kila mtu kafurahi, na binti yupo pembeni kaegemea magoti ya mdogo wake. Nikamuuliza mama, anaongea? Akasema hapana. Nikaandika kwa mkono wangu mwenyewe, mtoto hawezi kuwasiliana.

Wiki ya tatu napigiwa simu, hali chakula, amekonda, wanasema mkaidi anafunga mdomo. Nikaenda na mama na yule mdogo mtu, ana miaka 8. Kale katoto kakapiga magoti mbele ya dada yake kakamuuliza, "wanakulisha umelala?" Binti akanyanyua macho juu darini. "Kasema ndiyo," kakaniambia. Unapaliwa? Macho juu. Unaogopa? Macho juu, halafu machozi yakaanza kushuka.

Mtoto wa mtindio akilishwa kalala chali chakula kinaweza kupita njia ya hewa, chuoni nilifundishwa na mtihani nikafaulu. Nyumbani alikuwa analishwa amekaa, mgongo kwenye magoti ya mdogo wake, kijiko kidogo kidogo, yani yale magoti niliyoyaona siku ya kikao ndo yalikuwa kiti chake cha kulia na sikuuliza kitu. Wiki tatu mtoto anakataa kupaliwa na sisi watu wazima tunaita ukaidi. Nikamuuliza sasa, bweni unataka? Macho hayakupanda. Shule unataka? Yakapanda haraka kweli. Tukamrudisha nyumbani, mpango tukauandika upya na shule ya kutwa, na aliyetufundisha sote namna ya kumlisha ni yule wa miaka 8.

4. Msiseme haya ni mambo ya wafadhili. Sheria ya Mtoto ya 2009 kifungu cha 11 kinampa mtoto haki ya kutoa maoni na kusikilizwa. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu wa 2006, ambao Tanzania tuliuridhia 2009, ibara ya 7 inataka mtoto apewe na msaada unaoendana na ulemavu na umri wake ili aweze kuyatoa hayo maoni. Kwa hiyo kutafuta njia ya kumsikia ni kazi yako wewe.

5. Akitaka kitu kisichowezekana mwambie yeye mwenyewe kwa nini, usimtumie mama.

Kesho nina kaya mbili Buhongwa, wawili wenu tunaenda wote. Saa mbili asubuhi stendi, mje na karatasi na penseli za rangi, fomu zitakaa kwenye begi langu mpaka tumalize kuongea na watoto.